Kutambua Magonjwa ya Ngozi kwa Dalili Zake

Swali la magonjwa ya ngozi mara nyingi huja na hadithi fupi: mgonjwa fulani ana mabaka, amekaa nayo muda fulani, nawe unatakiwa utaje ugonjwa, kisababishi chake na hatua za kuchukua. Mtahiniwa mwenye haraka akiona neno "mabaka" anaandika "fangasi" na kwenda swali linalofuata. Hapo ndipo alama zinapopotea. Mabaka ni dalili ya magonjwa mengi, na kinachoyatenganisha ni maelezo madogo yanayofuata.

Kwa hiyo jiulize: Je, panawasha? Pana magamba? Pakiguswa, mgonjwa anahisi? Pako sehemu gani ya mwili, na je, wapo wengine nyumbani au bwenini wenye hali hiyo? Rangi iache iwe ya mwisho. Vitabu vingi vya kigeni husema ngozi "huwa nyekundu", na picha zake ni za watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliokolea, zambarau au rangi ya shaba, na wakati mwingine hauonekani kabisa.

Tuanze na yanayowasha. Upele huwasha zaidi usiku. Vipele vyake hupenda katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kisababishi ni Sarcoptes scabiei, kiumbe mdogo wa kundi moja na kupe na buibui (ana miguu minane, usimwite insekta). Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, na muda wote huo anaambukiza. Ndiyo sababu kumtibu mwanafunzi mmoja bwenini hakusaidii: wote waliogusana naye kwa karibu hutibiwa siku moja, na nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, huwasha pia, lakini umbo lake hukitambulisha: duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, katikati pakiwa kama pamepona. Kikiwa kichwani mwa mtoto huitwa mapunye. Nywele hukatika na kuacha viraka. Kisababishi ni fangasi. Angalia jambo moja: mgonjwa aliyekuwa akipaka krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa kiholela madukani, muwasho hupungua na ukingo hufifia, huku fangasi wakiendelea kuenea.

Sasa mabaka yaliyopauka, ambayo ndiyo yanayowachanganya wengi. Utangotango hukaa kifuani, mgongoni na shingoni. Ukiukwaruza kwa ukucha hutoa magamba laini kama unga. Unatokana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, nao huzidi wakati wa joto na jasho. Mbalanga ni tofauti: baka huwa jeupe kabisa, ukingo wake uko wazi, halina magamba, na nywele zilizo juu yake huweza kuwa nyeupe. Hapo kinga ya mwili wenyewe imeharibu seli zinazotengeneza melanini. Mbalanga hauambukizi, na mgonjwa anahisi kama kawaida.

Baka la ukoma huwa limepauka au lina rangi ya shaba, kwa kawaida haliwashi, na mara nyingi ni kavu kwa sababu halitoi jasho. Lakini dalili inayolitambulisha ni ganzi. Mhudumu wa afya humwambia mgonjwa afumbe macho, humgusa kwa ncha ya pamba, naye huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipohisi ndani ya baka wakati anahisi pembeni yake, hiyo ni dalili kuu ya ukoma. Bakteria wake, Mycobacterium leprae, aligunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Hukua polepole sana, kiasi kwamba dalili huchukua wastani wa miaka 5, pengine hadi 20, kujitokeza. Hushambulia mishipa ya fahamu. Bakteria hawali vidole, kama inavyosimuliwa mitaani. Mtu asiyehisi huungua na kujikata bila kujua, vidonda vikaoza, na ulemavu ukafuata. Dawa mseto huponya kwa miezi 6 mgonjwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, au miezi 12 mwenye zaidi ya hapo, nazo hutolewa bure. Lakini mshipa uliokwisha kufa mara nyingi haurudi. Ucheleweshaji wa mwaka mmoja, kwa kudhani ni fangasi, unaweza kumgharimu mtu mkono.

Mkanda wa jeshi hautakusumbua: malengelenge yenye maumivu makali, upande mmoja tu wa mwili, kwa mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga.

Kwa hali adimu, usichanganye ualbino na zeroderma pigmentosamu. Mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo au bila kabisa, na macho yake huchezacheza. Mwenye zeroderma huzaliwa na rangi ya kawaida, kisha madoadoa hujaa usoni na mahali pengine panapopigwa na jua, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 2, kwa kuwa seli zake haziwezi kukarabati DNA iliyoharibiwa na mionzi. Hali zote mbili hurithiwa kwa jeni fiche: wazazi wabebaji wasio na dalili wana uwezekano wa robo kwa kila mtoto.

Jaribu swali hili. Asha, miaka 17, ana baka lililopauka mkononi kwa mwaka mmoja. Haliwashi wala halina magamba. Dawa ya fangasi haikusaidia, na juzi sufuria ya moto ilimuunguza hapo bila yeye kushtuka.

Jibu: Inaelekea ni ukoma. Ushahidi ni kutohisi moto, kutowasha na kukosa magamba, jambo linaloondoa choa na utangotango. Mbalanga nao hauleti ganzi. Aende kituo cha afya apimwe na kuanza dawa mseto. Anaoishi nao wachunguzwe ngozi, kwa kuwa ukoma huenea kwa matone ya pua na mdomo baada ya kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Hakuna sababu ya kumtenga wala kumwachisha shule.