Je, Kuna Malimwengu Sambamba na Huu Wetu?

Mkulima wa pamba wa Didia, mkoani Shinyanga, apandapo mbegu zake huweza kukisia ni sehemu gani itakayoota, ijapokuwa hawezi kuinyoshea kidole mbegu moja na kusema kwa hakika kuwa hii itaota. Hata hivyo, mbegu isiyoota ina sababu yake: imetobolewa na mdudu, au imefukiwa chini mno. Lau angeichunguza vya kutosha, angeijua.

Atomu za urani ni kinyume cha mbegu kwa jambo hili. Katika mwamba wa kimberliti wa Mwadui, unaochimbwa almasi, zimo punje za madini yaitwayo zirkoni, na ndani yake mna urani kidogo. Urani-238 huvunjika na, baada ya hatua nyingi, hugeuka kuwa risasi. Nusu ya atomu zake huvunjika katika miaka milioni 4,468. Kwa kulinganisha urani na risasi, wanajiolojia wamekadiria kuwa mwamba huo una umri wa miaka ipatayo milioni 50. Lakini ukiuliza atomu fulani itavunjika lini, hupati jibu. Kati ya atomu mbili zinazofanana kabisa, moja huvunjika leo, nyingine hungoja miaka milioni elfu, wala hakuna kasoro iliyofichika iliyopata kuonekana.

Mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926 nao hauchagui. Huieleza atomu kana kwamba imevunjika na haijavunjika kwa pamoja. Wafuasi wa Niels Bohr walifundisha kuwa kipimo kinapofanyika, hali moja hubaki na nyingine hutoweka. Mwaka 1957 Hugh Everett, wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alipinga utowekaji huo, ambao haumo katika mlinganyo wenyewe. Kwa rai yake hali zote mbili huendelea, na mpimaji huendelea pamoja nazo: katika tawi moja la ulimwengu ameona atomu ikivunjika, katika tawi jingine hakuona kitu.

Wasomaji wengi hulipokea wazo hili kwa pupa. Mchimbaji wa Geita aliyetoka shimoni mikono mitupu hawezi kuvukia tawi alikopata dhahabu. Matawi hayasemezani, na kila moja hufuata kanuni zile zile za maumbile.

Basi je, hii ni sayansi au ni hadithi? Kwa maoni yetu ni sayansi, kwa kuwa yaweza kuanguka. Mwaka 1999, huko Vienna, molekuli za atomu 60 za kaboni, elementi ile ile ya almasi, zilipitishwa katika nyufa nyembamba mno, na kila moja ikatenda kana kwamba imepita katika ufa zaidi ya mmoja. Mwaka 2019 jambo hilo lilifanyika kwa molekuli zenye atomu zipatazo 2,000. Mlinganyo ungeshindwa kwa vitu vikubwa, rai ya Everett ingekufa, haujashindwa bado. Lakini wafuasi wa Bohr nao walitarajia matokeo hayo hayo, kwa hiyo hayamthibitishi Everett.

Mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford alieleza jaribio ambalo lingeweza kuzitenganisha rai hizo mbili. Lahitaji mashine yenye kufikiri, ambayo kumbukumbu yake yaweza kuwekwa katika hali mbili kwa pamoja na kisha kurudishwa ilivyokuwa. Mashine ya namna hiyo haijaundwa.