Selimundu: Mtoto Hurithi kwa Baba na kwa Mama

  Aliye jikoni asogee karibu na redio, na aje na maharagwe manne: mawili mekundu na mawili meupe. Chukua na vikombe viwili. Viweke kando kwanza, tutavirudia.

Siku moja mama mmoja alikuja kliniki amembeba mtoto wa miezi tisa. Vidole vya mikono na nyayo za mtoto vilikuwa vimevimba, na ukimgusa tu analia. Walikuwa wamefuatana na mama mkwe. Kabla sijauliza lolote, mama mkwe akasema, "Sista, kwetu ugonjwa huu haujawahi kuonekana. Huyu ndiye aliyetuletea." Yule mama kijana aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Tulipima damu ya mtoto, na majibu yakawa selimundu, au kama wengi wenu mnavyouita, siko seli.

Ugonjwa huu ni wa nini? Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu, ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe ya kawaida ni ya mviringo, tena ni laini, kwa hivyo hupenya hata kwenye mishipa myembamba. Ya mtoto mwenye selimundu hupinda kama ule mundu tunaokatia nyasi, ikawa ngumu. Chembe hizo zikifika kwenye mshipa mwembamba hukwama, damu ikashindwa kupita, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120, lakini hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20 hivi. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu mara kwa mara na macho yake huwa ya manjano.

Kwa kawaida dalili hazionekani mtoto anapozaliwa. Mtoto huzaliwa na damu ya aina nyingine inayomkinga, na hiyo hupungua polepole katika miezi ya kwanza. Karibu na miezi sita ndipo ugonjwa hujitokeza, na jirani akasema mtoto amepatwa na jicho baya. Si jicho. Ugonjwa ulikuwemo tangu mimba ilipotungwa.

Sasa leteni maharagwe.

Kila kiumbe, awe mbuzi, awe kuku, liwe hata hindi shambani, hurithi maagizo ya kuujenga mwili wake kutoka kwa waliomzaa. Maagizo hayo huitwa jeni, na huja mawili mawili. Moja hutoka kwa baba kupitia mbegu yake, na moja kwa mama kupitia yai lake. Tuseme haragwe jekundu ni jeni la damu ya kawaida, na jeupe ni jeni la selimundu. Kikombe kimoja ni cha baba, cha pili ni cha mama. Weka katika kila kikombe haragwe moja jekundu na moja jeupe.

Wazazi hawa wote wawili ni wazima. Haragwe moja jekundu linatosha kumfanya mtu aishi bila ugonjwa. Analima, anacheza mpira, anazaa, wala hajui kwamba amebeba jeupe. Mtu kama huyu tunamwita mbebaji. Kubeba hakugeuki kuwa ugonjwa, hata akizeeka.

Funga macho, utoe haragwe moja kutoka kila kikombe. Huyo ndiye mtoto. Anaweza kupata mekundu mawili, akawa mzima kabisa. Anaweza kupata jekundu la baba na jeupe la mama, au jeupe la baba na jekundu la mama, akawa mbebaji kama wazazi wake. Au anaweza kupata meupe mawili, na huyo ndiye atakayeugua. Njia ni nne, na moja tu ndiyo yenye ugonjwa.

Hapa wengi hukosea, kwa hivyo nawaomba mnisikilize vizuri. Kabla ya mtoto wa pili, maharagwe hurudishwa vikombeni. Kila mimba ni kuchagua upya. Mama akisema, "Wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata ni salama," amekosea hesabu. Na mwenye watoto watatu wazima asishangae wa nne akiugua. Nimeona nyumba yenye wagonjwa wawili na nyingine yenye watoto sita bila hata mmoja, na wazazi wa nyumba zote mbili ni wabebaji.

Tumrudie yule mama mkwe. Nilimwonyesha maharagwe hayo hayo mezani. Nikamwambia, "Mama, mtoto hawezi kuwa na meupe mawili kama baba yake hakutoa moja. Na mwanao hakuliokota njiani. Alilipata kwako au kwa mzee." Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama mjukuu anaweza kula samaki. (Anaweza, tena ale vizuri.)

Mbona ugonjwa huu ni mwingi kando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani, kuliko kwenye nyanda za juu zenye baridi? Sababu ni malaria. Mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo kwenye mbu wengi, wabebaji waliokoka wakazaa, na jeni likaendelea. Lakini kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe akipata malaria huweza kuishiwa damu upesi sana. Alale ndani ya neti kila usiku.

Ukiambiwa mtoto wako ana selimundu, usikate tamaa. Mpe vidonge vya foliki na dawa ya kuzuia malaria kama kliniki inavyoelekeza. Penisilini hutolewa asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka mitano, na usiiruke kwa kuwa tu mtoto anacheza. Chanjo zote azipate, pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

Mambo haya hayangoji kesho: homa yoyote, kupumua kwa shida, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au mtoto kupauka ghafla huku tumbo likijaa upande wa kushoto. Hapo kushoto, chini ya mbavu, ndipo ulipo wengu, ambao wengine huuita bandama. Mwambie muuguzi akufundishe kuupapasa. Ukifika hospitali, taja selimundu kwanza, kabla hujaeleza mengine.

Wanaotaka kuoana au kuzaa tena wanaweza kupimwa. Kuna vipimo vinavyosema tu kwamba jeni lipo. Kile kiitwacho elektroforesisi humtenga mbebaji na mgonjwa. Nendeni wawili, kwa sababu kikombe kimoja hakitoi jibu.

Baba wa yule mtoto alikuja wiki iliyofuata, akapimwa pamoja na mkewe. Wote wawili ni wabebaji. Siku hizi anayemleta mtoto kliniki mara nyingi ni nyanya yake, na dawa huzibeba mwenyewe kwenye kikapu, zimefungwa kwa leso.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto. Mkae salama.