Homa ya Mafua na Ulinzi wa Kwanza wa Mwili

Majira ya baridi yaingiapo katika nyanda za juu za Tarime, mwanafunzi mmoja wa bweni huko Turwa akianza kukohoa, hazipiti siku nyingi kabla ya wenzake wa vitanda vya jirani kushikwa na homa, kichwa na maumivu ya viungo. Lawama zote hutupiwa virusi. Kumbe sehemu kubwa ya mateso hayo ni kazi ya mwili wenyewe unaojihami.

Virusi vya influenza huingia kwa pumzi. Vingi hunaswa na ute wa pua na koo. Vinavyopenya huingia katika seli za njia ya hewa na kuzigeuza viwanda vya virusi vipya. Hata hivyo, seli haifi kimya. Ndani yake zimo protini zinazoitambua RNA ya kigeni, nazo huifanya seli itoe interferoni. Dutu hiyo iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walipokuwa wakichunguza virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto, katika utando wa yai la kuku. Interferoni haiui virusi. Ni kama yowe lipigwalo usiku wezi wa ng'ombe wavamiapo: yowe halimkamati mwizi, lakini kila boma linalolisikia hufunga lango lake. Seli za jirani hutengeneza protini za kuzuia virusi visiingie wala kuzaana. Virusi navyo vina hila, kwani protini yao iitwayo NS1 hulizima yowe hilo.

Wakati huo huo chembe nyeupe za damu humeza virusi na mabaki ya seli zilizokufa, na kutoa kemikali zinazofika hadi ubongoni. Hapo kipimo cha joto la mwili hupandishwa, na mgonjwa hutetemeka ilhali ngozi yake inawaka. Yote haya hutangulia kingamwili, ambazo huchukua takriban juma moja kujitokeza.

Ulinzi huu waweza kupita kiasi. Influenza ya mwaka 1918, iliyoenea Afrika ya Mashariki vita vikimalizika, iliwaua vijana wengi wenye nguvu. Watafiti kadhaa wanaona kwamba ukali wa ulinzi wao wenyewe ulichangia kuharibu mapafu, ingawa wengi walimalizwa na bakteria walioingia baadaye.

Ndiyo sababu dawa za kuua bakteria hazimsaidii mwanafunzi mwenye mafua matupu. Lakini homa ikishuka kisha ikarudi, na pumzi ikawa ya shida, huenda bakteria wamekwisha kuingia katika mapafu yaliyojeruhiwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.