Mama Aliyeliona Fuvu

Akina mama wenzetu, kila ifikapo Machi 8 watoto wetu hapa Karatu huimba na kughani ngonjera za kuwasifu wanawake mashuhuri. Masika yakishakolea huja Pasaka, nao huigiza habari za Mariamu Magdalena aliyewahi kaburini kungali giza.

Katika ngonjera Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU tangu 1955, hakosi kutajwa, na ni haki yake. Lakini hebu waulizeni ni nani aliyeligundua fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, jirani zetu Ngorongoro. Watajibu, "Dokta Leakey," wakimaanisha mwanamume. Aliyeliona Julai 17, 1959 ni mkewe, Mary. Mumewe siku hiyo alilala kambini, mgonjwa. (Sisi wauguzi tunajua, homa haichagui msomi.) Hata nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, zilifukuliwa na kikundi cha mama huyo kuanzia 1978.

Tuwaombe walimu igizo la habari hiyo, nalo lifanyike mapema, kabla binti wa darasa la saba hajaletewa posa. Gharama hakuna: brashi ya viatu ya kufutia vumbi, na kibuyu kilichopasuka kiwe fuvu.