Kamera za Dirishani: Wakazi Wanaojihesabia Magari

Katika baadhi ya mitaa ya Leuven, Ubelgiji, utaona kifaa kidogo kimebandikwa kwenye kioo cha dirisha la ghorofani, kikitazama barabara. Polisi hawahusiki nacho. Kinaitwa Telraam, na ni mkazi wa nyumba hiyo aliyekiweka ili kihesabu magari, malori, baiskeli na waenda kwa miguu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mamlaka za umma. Mipira myembamba ya kuhesabia magari ilitandazwa barabarani kwa siku chache, ikaondolewa, na mkazi aliyelalamikia malori hakuwa na cha kuonyesha ila maneno yake. Ndipo watu wakaanza kujihesabia. Mwaka 2017, wakazi wa eneo la Antwerp walioitikia mwito wa mradi wa Straatvinken walihesabu magari kwa mkono, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Mwaka uliofuata, kaya zipatazo 20,000 za eneo la Flanders, Ubelgiji, zilipima uchafuzi wa hewa mbele ya nyumba zao. Telraam ilipozinduliwa mwaka 2019, ilikuta watu waliokwisha kuzoea kupima.

Toleo la kwanza lilitumia Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, pamoja na kamera. Kifaa huizoea sura ya barabara tupu, kisha chochote kinachosogea hukitambua kwa ukubwa na mwendo wake. Picha hazihifadhiwi, zinazotumwa ni tarakimu tu, na yeyote anaweza kuzisoma kwenye ramani ya mtandaoni. Bila sharti hilo nisingekubali kamera ya jirani inielekee, hasa kwa kuwa sisi wageni tunaoishi huku Ubelgiji tumeshatazamwa vya kutosha.

Lakini toleo hilo lilitegemea mwanga wa mchana. Desemba huku jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, watoto wakiwa wameshaingia madarasani, kwa hiyo saa ambayo watoto huenda shule haikuhesabiwa. Tena lilihitaji dirisha la juu linalotazama barabara, umeme na intaneti. Mpangaji wa chumba cha chini hana nafasi, na wengi wetu tunaishi humo.

Hata hivyo nawasihi ndugu zangu wa ughaibuni: kwenye kikao cha mtaa, ambako Kiholanzi chetu hutukwama kooni, orodha ya malori yaliyopita kila saa inasomeka bila mkalimani. Kabla ya kununua, ulizeni manispaa kama kuna mradi unaogawa vifaa. Kwa mfano, mradi wa WeCount uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya uliwagawia wakazi vifaa hivi Leuven, Dublin, Cardiff na Ljubljana.