Uhami wa nyaya kwa rojo la karatasi

Uhami wa nyaya kwa rojo la karatasi ni njia ya kutengeneza nyaya za simu ambapo waya wa shaba hufunikwa kwa nyuzi za mti zilizolowa maji, na karatasi yenyewe huundika juu ya waya. Njia hii ilianza kutumika viwandani karibu na mwaka 1930 nchini Marekani, katika kampuni ya Western Electric iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya simu vya Bell.

Kabla ya hapo kila waya ulizungushiwa utepe wa karatasi kavu. Karatasi ilifaa kwa simu kwa sababu hushika hewa nyingi ndani yake. Hewa hupunguza chaji ya umeme inayolimbikizwa kati ya nyaya zinazokaribiana, hivyo sauti husafiri mbali zaidi kabla ya kufifia. Lakini kutengeneza karatasi, kuikata tepe nyembamba na kuzizungusha moja moja ilikuwa kazi ya gharama.

Mashine ya rojo huziunganisha hatua hizo. Mbao hupondwa na kuchanganywa na maji mengi hadi kuwa rojo jepesi. Ndani ya tangi huzunguka pipa lenye wavu, na makumi ya nyaya hupita juu yake kwa pamoja, kila mmoja katika mfuo wake. Maji hupenya wavuni, nyuzi hubaki na kuukumbatia waya. Utepe huo mbichi hukamuliwa, kisha kifaa kinachozunguka kwa kasi huuviringisha uwe mduara. Mwishoni waya hupita katika tanuri yenye joto kali. Maji hutoka haraka na kuacha vitundu vya hewa.

Adui wa waya huu ni unyevu. Kwa sababu hiyo mamia ya nyaya zilifungwa pamoja ndani ya ganda la risasi, na baadaye hewa kavu ilisukumwa ndani ya kebo ili kuzuia maji. Ganda likitoboka, laini nyingi huharibika kwa mara moja, ingawa karatasi iliyolowa huvimba na kuchelewesha maji yasienee mbali.

Kuanzia miaka ya 1950 plastiki ya polietilini ilichukua nafasi ya rojo hatua kwa hatua. Hata hivyo kebo za zamani ziliendelea kubeba mazungumzo chini ya barabara za miji ya Marekani kwa miongo mingi.