Goti Lililopasuliwa na Paja Lisilotii

Upasuaji wa goti, uwe ni wa kuweka kiungo bandia baada ya gegedu kulika, au wa kurudishia ligamenti iliyokatika uwanjani au katika ajali ya bodaboda, humalizika kwa saa chache, ilhali kazi ambayo daktari huuachia mwili huendelea kwa miezi mingi na pengine hupindukia mwaka. Nyuzi za mshono hutolewa baada ya wiki mbili hivi, ngozi hufunga, na kwa mtazamaji wa nje jeraha huwa limepona. Lakini mgonjwa mwenyewe, akiwa amelala chali, hujaribu kuunyanyua mguu ulionyooka kutoka kitandani na kuukuta hauendi. Kwa kuwa paja linaonekana zima, wanaomuuguza huanza kunong'ona kwamba hajitumi, naye mwishowe huamini hivyo. Lawama hiyo haina msingi, kwa sababu kwa sehemu kubwa paja hukataa kutii kutokana na amri inayotoka katika goti lenyewe, na amri hiyo hupita mahali ambapo nia ya mtu haifiki.

Misuli minne ya mbele ya paja, ambayo kwa pamoja huitwa kwadrisepsi, huungana juu ya pia ya goti na kushikilia mfupa wa muundi, na ndiyo inayonyoosha goti, inayombeba mtu anapoinuka kitini na inayolizuia goti lisikunjike ghafla anaposhuka ngazi. Ndani ya kiungo, katika utando wa sinovia unaotoa ute wa kulainisha na katika kifuko kinachokizingira kiungo chote, mna ncha nyingi za neva zinazopima mkazo na shinikizo. Goti linapojaa maji, ncha hizo hupeleka ishara mfululizo hadi katika neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo, na huko seli zinazoiamrisha kwadrisepsi hupunguziwa nguvu kabla mgonjwa hajatambua lolote. Wataalamu huiita hali hiyo kizuizi cha misuli kinachotokana na kiungo, na inadhaniwa kwamba kusudi lake la awali ni kukinga kiungo kilichoumia kisitumike kupita kiasi; tatizo ni kwamba kinga hiyo huendelea hata pale ambapo kiungo kinahitaji kutumika ili kipone.

Jambo hili limethibitishwa kwa majaribio ya wazi. Mwaka 1965 deAndrade, Grant na Dixon waliingiza majimaji ndani ya magoti ya watu na kuona kwadrisepsi ikilegea kadiri kiungo kilivyotanuka. Mwaka 1984 Spencer, Hayes na Alexander walionyesha kwamba mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi, kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chakula, zilitosha kudhoofisha msuli wa upande wa ndani wa paja, na kwamba mililita 50 hadi 60 ziliidhoofisha misuli mingine ya kundi hilo. Magoti hayo hayakuwa yamepasuliwa, na bado misuli ilizima. Goti lililotoka katika chumba cha upasuaji hubeba damu, maji na kemikali za uvimbe kwa wakati mmoja. Ndiyo maana uchunguzi wa Mizner na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba, takriban mwezi mmoja baada ya kuwekewa goti la bandia, nguvu ya kwadrisepsi ya wagonjwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 62, na kwamba upungufu huo ulitokana zaidi na neva kushindwa kuiamsha misuli kuliko misuli yenyewe kusinyaa.

Anayelielewa hilo hutazama upya ushauri unaotolewa sana majumbani, kwamba mgonjwa ajikaze. Ushauri huo ni wa kweli kwa nusu tu. Mazoezi ndiyo dawa kuu, na anayelala tu hupoteza misuli kwa kasi, lakini zoezi linalozidi uwezo wa kiungo huongeza maji ndani ya goti, maji huzima misuli, na goti lisilo na misuli ya kulikinga hubeba uzito vibaya na kuvimba tena. Mgonjwa aliyenaswa katika mzunguko huo hujitahidi kila siku na kurudi nyuma kila wiki, kisha huambiwa kwamba hajitahidi vya kutosha. Dhuluma hiyo ni kubwa, na haipaswi kuendelea katika nyumba yoyote wala katika wodi yoyote. Kipimo cha kufaa ni uvimbe wa siku ya pili: ikiwa mzingo wa goti, unaopimwa asubuhi kwa tepu ya fundi cherehani mahali pale pale, umeongezeka, na maumivu ya jana hayajatulia, basi zoezi la jana lipunguzwe, lisiachwe. Kuweka barafu iliyofungwa kitambaani na kuinua mguu hadi juu ya usawa wa moyo huonekana mambo madogo, ilhali kupunguza uvimbe ni kufungua njia ya neva. Hospitali zenye vifaa hutumia pia umeme hafifu unaopitishwa juu ya paja ili kuikunja misuli moja kwa moja, bila kungoja amri iliyozuiwa, na tiba hiyo imeonyesha manufaa hasa inapoanzishwa mapema.

Wagonjwa wengi huhesabu nyuzi za kukunja goti na kusahau kulinyoosha, na hapa wanakosea mpangilio. Kutembea katika uwanda tambarare huhitaji goti lijikunje nyuzi 65 hadi 70 tu, lakini goti lisilonyooka kikamilifu humfanya mtu achechemee katika kila hatua na kuichosha kwadrisepsi hata anaposimama. Kwa sababu hiyo, mto unaowekwa chini ya goti ili kuleta nafuu usiku, ingawa huwekwa kwa huruma, haufai. Ukihitajika, uwekwe chini ya kisigino ili goti lishuke na kunyooka kwa uzito wake. Kwa wagonjwa wachache, seli zinazotengeneza kovu huendelea kufanya kazi zilipopaswa kukoma, tishu ngumu hujaa ndani ya kiungo, na goti hukwama. Hali hiyo haishindwi kwa kulilazimisha goti kwa nguvu nyumbani. Daktari huweza kulikunja mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na matokeo huwa bora hilo likifanywa ndani ya wiki 12 hivi za mwanzo, hivyo kuchelewa kurudi kliniki kuna gharama. Zipo pia mashine zinazolikunja goti zenyewe; mashine hizo, zilizotokana na kazi ya Robert Salter wa Toronto katika miaka ya 1970, ziliwahi kutumiwa sana, lakini mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2014 yalikuta kwamba kwa goti la bandia ziliongeza wastani wa nyuzi 2 tu. Mgonjwa ambaye hospitali yake haina mashine hiyo hajapoteza kitu kikubwa.

Kwa waliorudishiwa ligamenti iliyopishana ya mbele, ambayo huzuia muundi usiteleze mbele, ugumu huja kwa sura nyingine, kwa kuwa wao hujisikia vizuri mapema mno. Kipande cha kano kinachopandikizwa hukosa damu mwanzoni, seli zake nyingi hufa, na hubaki kama kiunzi ambacho seli mpya huingia na kukijenga upya hatua kwa hatua. Katika miezi michache ya kwanza, wakati maumivu yameshapungua na mchezaji anatamani kukimbia, kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Grindem na wenzake, katika utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban asilimia 51. Kocha anayemshinikiza kijana arudi uwanjani katika mwezi wa 5 humweka hatarini kwa sababu ya mechi moja.

Iwe ni goti la bandia au ligamenti, usingizi huvurugika kwa wiki nyingi, na asiyelala huhisi maumivu kwa ukali zaidi. Hofu ya kusogeza mguu nayo hujijenga, kwani mtu aliyeumia mara moja huanza kuuepuka kila mwendo unaofanana na ule uliomuumiza, na kuepuka huko huendeleza udhaifu. Ni lazima pia isemwe bila kuficha kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 waliowekewa goti la bandia hubaki na maumivu ya muda mrefu. Anayebaki nayo hastahili kudhaniwa kuwa anajifanya, bali kuchunguzwa upya. Pamoja na subira yote, zipo dalili zisizongojwa hata siku moja: homa pamoja na goti kuwa jekundu na la moto, usaha kutoka katika kidonda, au shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, jambo linaloweza kuashiria donge la damu katika vena, hasa likiambatana na kubanwa pumzi. Shavu la mguu la namna hiyo lisichuliwe kwa mafuta na yeyote kabla daktari hajaliona.

Malengo ya kliniki nayo yanahitaji kusomwa kwa macho ya Afrika Mashariki. Nyuzi 90 hivi hutosha kuinuka kitini, na goti la bandia hufika mara nyingi nyuzi 110 hadi 120, lakini kuchuchumaa chooni visigino vikiwa chini huhitaji zipatazo 150, na kikao cha tahiyatu katika swala ya Kiislamu hukaribia hapo. Mgonjwa anapaswa kulieleza hilo kabla ya upasuaji, ili daktari amwambie ukweli kuhusu kinachowezekana na familia itafute choo cha kukalia au kiti cha kuweka juu ya tundu mapema. Kupiga magoti, kwa upande wake, mara nyingi huachwa kwa hofu tu, kwa sababu ngozi ya kando ya kovu huwa na ganzi baada ya tawi dogo la neva kukatwa, na mguso wake huogopesha ijapokuwa hauharibu kiungo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 na Jenkins na wenzake, kwa watu waliobadilishiwa sehemu tu ya goti, lilionyesha kwamba waliofundishwa kupiga magoti wiki 6 baada ya upasuaji waliweza zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wasiofundishwa. Mafunzo kama hayo, yakiidhinishwa na daktari, huweza kuanzia ukingoni mwa kitanda au juu ya godoro, mikono ikibeba sehemu ya uzito, na kuhamia baadaye katika mkeka au ubao wa kanisani; na kwa Mwislamu ambaye goti lake bado halijafika hapo, sheria ya dini yake imemruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi.